Shajara ya boti Mbasa: injini ya dizeli inayozimika katikati ya ziwa

Daftari la boti limelowa oili na halisomeki tena, kwa hiyo nahamishia kumbukumbu huku. Wenye boti wenzangu wa Matema na Itungi, huku kwetu Ziwa Nyasa, nao wamekuwa wakiniuliza nilifanya nini, na kusimulia kila mmoja kivyake kumenichosha.

Mbasa ni boti ya mbao ya mita 11, mali ya mimi na shemeji yangu. Nahodha ni mjomba wangu. Tunabeba abiria, mihogo, dagaa na vyungu kati ya Matema, Ikombe na vijiji vya mwambao wa Ludewa, upande ule ambao Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini. Injini ni dizeli ya silinda tatu, nguvu farasi 27, tuliinunua ikiwa imetumika. Inapozwa kwa maji ya ziwa, ambayo hutoka nje pamoja na moshi. Tangi ni la chuma, lita 100, limekaa chini ya benchi la nyuma.

Njia ya dizeli iko hivi. Inatoka tangini kwa bomba la kuvuta linalokaribia sakafu ya tangi, inapita koki, inaingia filta ya kwanza yenye kikombe cha kutenga maji. Hapo inavutwa na pampu ndogo ya diaframu, yaani utando wa raba, iliyofungwa ubavuni mwa injini, ambayo inaisukuma kwenye filta ya pili, iliyo laini zaidi, hadi pampu kubwa inayogawa kwa nozeli, vile vipulizio vya dizeli vya kila silinda. Inayobaki inarudi tangini kwa mpira mwembamba. Pampu ndogo ndiyo mpaka. Baada yake ni upande wa kusukuma, na ukitoboka huko utaona dizeli inadondoka. Kabla yake ni upande wa kuvuta, na huko tundu halidondoshi kitu, linameza upepo tu kimyakimya. Laiti ningekuwa nimelielewa hilo mwanzoni mwa mwezi wa sita, ningeokoa fedha nyingi.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Siku ya soko Lyulilo. Tulijaza tangi Ijumaa jioni hadi shingoni, asubuhi tukaenda Ikombe kuwachukua akina mama na vyungu vyao. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Dakika 25 baada ya kuondoka injini ikashuka sauti, ikapanda, ikashuka tena, ikakohoa mara mbili, kimya.

Mjomba alifanya anachofanya siku zote: alifungua mfuniko wa tangi, akatumbukiza kijiti. Limejaa. Mimi nikalegeza skrubu ya kutolea upepo, ile hewa inayoingia kwenye njia ya dizeli, juu ya filta ya pili, nikapiga kile kiwiko cha mkono cha pampu ndogo. Likatoka povu kidogo, kisha dizeli safi. Nikakaza, Mjomba akapiga stata, ikawaka. Tukafika Ikombe na kurudi bila tatizo lingine.

Nikaandika kwenye daftari: *mafuta machafu*. Sababu yangu ilikuwa kwamba balaa limeanza siku ile ile tuliyojaza. Nikaenda mbali zaidi, nikawaambia watu wawili watatu pale ufukweni wasinunue dizeli kwa yule niliyenunua kwake.

Jumatatu, 9 Juni

Nimenyonya lita 50 kutoka tangini na kuziweka kwenye madumu ili nizichunguze. Nimejaza nyingine kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaiacha dirishani usiku kucha. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yakiwemo yatalala chini na utayaona kama mstari. Asubuhi hakukuwa na mstari. Dizeli ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo, inapitisha mwanga, chini hakuna kitu.

Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu na bado sikuuamini. Nimebadilisha filta zote mbili, shilingi 43,000. Nimetoa upepo, nikaiacha injini iwake saa nzima boti ikiwa imefungwa. Haikutetereka.

Alhamisi, 12 Juni

Lumbila na kurudi, tangi likiwa nusu. Hakuna shida kabisa. Nimejipongeza kwa soda.

Jumamosi, 14 Juni

Nimejaza tena tangi, safari hii kwa muuzaji mwingine. Dakika 20 baada ya kutoka Matema, imezimika pale pale karibu na rasi ya kuelekea Ikombe. Abiria 14, na upepo wa mwera umeanza kunyanyuka kutoka kusini. Upande ule maji ni marefu hadi kwenye mawe, nanga haina pa kushika.

Hapa nilifanya kosa ambalo lingeweza kuua injini. Kwa haraka nilimwambia kijana wetu aendelee kupiga stata huku mimi nikitoa upepo. Alipiga, akapumzika, akapiga, pengine dakika mbili kwa jumla. Nilisahau kwamba kila injini inapozunguka, hata kama haijawaka, pampu ya maji nayo inavuta maji ya ziwa na kuyapeleka kwenye bomba la moshi. Injini ikiwa imewaka, moshi unayasukuma nje. Isipowaka, maji yanajaa kwenye sailensa, yakizidi yanarudi nyuma hadi ndani ya silinda, na silinda yenye maji haibanwi. Kinachopinda ni fimbo ya pistoni.

Mjomba ndiye aliyekumbuka. "Mpwa wangu, funga koki ya maji!" Tukafunga, nikafungua plagi ya chini ya sailensa, yakatoka maji kama ndoo nzima. Nikalegeza vishikizo vya kupunguza mgandamizo, nikazungusha kwa mkono. Silinda zilikuwa kavu. Tangu siku hiyo tumeandika kwa rangi nyeupe juu ya stata: KOKI KWANZA. Ikishawaka tu unaifungua, maana bila maji nako raba ya pampu inaungua upesi.

Mjomba alikuwa ameshafungua mfuniko na kupima kwa kijiti, kama kawaida. Ikawaka.

16 hadi 19 Juni, Mbeya

Nimeamua kwamba ugonjwa ni pampu kubwa. Sina sababu ya maana ya kuwaambia. Ilikuwa ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye njia ile, na mtu akishaogopa huwa anatazama kilicho ghali.

Nimeifungua pamoja na nozeli tatu, nikaziba matundu yote kwa plastiki safi na mpira, nikaweka kwenye ndoo yenye mfuniko na kuipakata ndani ya Kosta kutoka Kyela, kupitia Tukuyu na Uyole. Fundi pampu yuko Mwanjelwa, mzee mwenye mashine ya kupimia na meza safi kuliko meza ya chakula ya nyumbani kwangu. Aliniuliza jambo moja kabla hajagusa chochote:

"Kijana, umeanzia tangini?"

Nikasema ndiyo, Mzee. Nilikuwa nimemulika tochi tangini mara moja, basi.

Siku ya pili akaniita. Pampu haina kasoro. Nozeli mbili zinafunguka kwenye msukumo wa kilo 170, ya tatu kwenye 160 na inachuruzika kidogo. Ameisafisha na kuirekebisha. Kazi yote 210,000. Nauli za kwenda na kurudi 24,000, kulala na kula 40,000, washa mpya za shaba 12,000. Jumla 286,000 za kuambiwa kwamba pampu yangu ni nzima.

Ijumaa, 20 Juni

Nimerudisha pampu. Injini imewaka kwa shida, inagonga kama mtu anatwanga karanga kwenye kinu cha chuma. Saa tatu nzima nilihangaika, ndipo nikakumbuka zile shimu nyembamba, unene kama wa karatasi, zinazokaa chini ya kitako cha pampu. Ndizo zinazopanga ni wakati gani dizeli ipulizwe. Ukipunguza shimu, pampu inashuka karibu na kemu, kile kinundu kinachoisukuma, na dizeli inaingia mapema kuliko inavyotakiwa, ndiyo kugonga kule. Zilikuwa mbili. Nimerudisha moja. Ya pili niliikuta imegandia kwenye gasketi ya zamani niliyoitupa kwenye kopo la takataka.

Nimeirudisha, kugonga kumekwisha. Anayefungua pampu ya aina hii ahesabu shimu na kuziandika kabla hajafanya lolote, na asitupe gasketi ya zamani hadi injini iwake.

Jumamosi, 21 Juni

Tangi limejazwa. Dakika 25. Imezimika.

Sina la kuandika zaidi leo.

Jumatatu, 23 Juni

Jana baada ya ibada nilikaa ufukweni nikitazama watoto, nikajiambia nianze upya kama mtu ambaye hajui lolote.

Leo nimefanya kipimo ambacho ningekifanya tarehe 7 kingekuwa kimenigharimu sifuri. Nimefunga dumu la lita 20 kwenye nguzo ya turubai, juu zaidi ya injini, likiwa na dizeli ile ile niliyoitukana. Nikatoa mpira kwenye filta ya kwanza, nikaunga mpira kutoka dumuni. Mpira wa kurudi nao nimeuingiza kwenye dumu hilo hilo. Ukiuacha uende tangini, dumu litaisha mapema nawe utadhani umegundua tatizo jipya.

Tumezunguka mbele ya Matema saa mbili na nusu. Polepole, kasi kamili, polepole tena. Haikukohoa hata mara moja.

Maana yake: filta, pampu ndogo, pampu kubwa, nozeli, dizeli yenyewe, vyote vinaonekana vizima. Ugonjwa uko kati ya tangi na filta ya kwanza, njia isiyozidi mita moja na nusu. Pia nimechomoa kijiti cha oili na kunusa: hakuna harufu ya dizeli na kiwango hakijapanda, kwa hiyo diaframu ya pampu ndogo haijapasuka. Ingepasuka, dizeli ingekuwa inavujia kwenye oili, na hilo ni balaa kubwa kuliko injini kuzimika.

Alhamisi, 26 Juni

Nimenunua mita mbili za mpira unaopitisha mwanga, 6,000, nikaunga kati ya koki ya tangi na filta ili nione kinachopita. Mpira wa aina hii ni wa kupimia tu. Dizeli inaukausha ukawa mgumu kama mfupa, msije mkauacha humo.

Tangi nimejaza hadi shingoni kwa makusudi. Tumetoka. Dakika ya 18 mpira ule ukaanza kunywea, kuta zake zinaingia ndani kama mashavu ya mtoto anayenyonya chupa ya soda iliyobana mdomoni. Hakuna mapovu, hakuna uchafu. Dizeli imesimama tu. Injini ikaanza kushuka.

Mjomba akainuka na kijiti chake kwenda kufungua mfuniko. Nikamwambia, "Mjomba, subiri, fungua polepole." Akalegeza nusu zungusho, tangi likavuta pumzi: *fyuuu*. Sote watatu tuliisikia. Mpira ukajaa tena, injini ikapanda yenyewe bila kutoa upepo wala kugusa stata.

Tangi lilikuwa halipumui. Kila lita inayotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa, na tangi lina bomba dogo la hewa linalotokea nje, ubavuni mwa boti, chini ya ukingo. Nimepuliza: limeziba. Nimeingiza waya, ukatoka udongo mkavu na ndani yake vijumba vitatu vyenye buibui waliokaushwa. Nyigu. Siku zote tunawasifu akina mama wa kabila la Wakisi kwa ufinyanzi, kumbe tulikuwa na mfinyanzi mwingine ndani ya boti asiyeuza sokoni.

Sasa hesabu iliyonikosesha usingizi. Injini inakunywa kama lita nne kwa saa. Tangi likijaa, juu kunabaki hewa ya lita tano hivi. Baada ya dakika 20 imetoka zaidi ya lita moja, ile hewa kidogo imetanuka kwa robo, na msukumo wake umeshuka kiasi kwamba pampu ndogo inashindwa kuvuta. Tangi likiwa nusu kuna lita 50 za hewa, na kabla haijatanuka kiasi hicho utakuwa umekwenda Lumbila na kurudi. Ndiyo maana ilikuwa inakufa kila nikijaza, na mimi nikalaumu aliyenijazia.

Na kwa nini ilianza mwezi wa sita? Kwa sababu mvua za Kyela za mwezi wa nne zilikuwa zinaingia kwenye mfuniko, nami nikaweka raba mpya. Miaka yote tangi lilikuwa linapumulia kwenye mfuniko mbovu. Nilipoutengeneza nikalikaba koo. Na kila lilipokabwa, Mjomba alifungua mfuniko kupima kwa kijiti, akaliponya, nami nikajipa sifa za kutoa upepo.

Gharama ya tiba: waya wa chuma uliokuwa nyumbani, na kipande cha wavu wa shaba wa kuziba mdomo wa bomba, 2,000.

Jioni nimekwenda kwa yule muuzaji wa dizeli. Nimemwambia yote. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema wateja wawili hawajaonekana tangu siku ile. Nimewafuata wote wawili mwenyewe.

Jumamosi, 5 Julai

Wiki nzima ilikuwa njema, na ningeishia hapo kama si mwera wa leo. Mawimbi makubwa tangu tulipopita Ikombe, boti inapigwa mbele na nyuma. Injini ikaanza kupoteza nguvu. Nilikimbilia mfuniko: hakuna *fyuuu*. Nikapunguza mafuta, ikatulia. Nikiongeza, inashuka. Kikombe cha filta ya kwanza kilikuwa na kitu cheusi kinachoteleza, kama mlenda uliounguzwa.

Ugonjwa mwingine kabisa, umevaa nguo za ule wa kwanza. Tofauti ziandikwe: huu unakuja wakati wa mawimbi, haujali tangi limejaa au la, kufungua mfuniko hakuusaidii, na ukipunguza kasi unavumilika. Nikachomoa mpira kwenye filta, nikapuliza kurudi tangini kwa pampu ya baiskeli. Mwanzo ilikuwa nzito, kisha ikaachia, *gubu gubu* ndani ya tangi. Tukapata nusu saa nzuri, ikarudia. Tukaingia Matema kwa mwendo wa mtu anayechuma chai.

Jumanne, 8 Julai

Jana ilikuwa Sabasaba, fundi wa kuchomelea hakuwepo. Leo amekuja na mtungi wake wa gesi, anataka kukata dirisha juu ya tangi ili tuingize mkono. Nimekataa na tumegombana kidogo. Watu wanasema dizeli hailipuki kama petroli, na ni kweli dizeli iliyotulia haishiki moto upesi. Lakini tangi lililomwagwa lina mvuke, na moto wa gesi unaupasha ule utando uliobaki kwenye kuta hadi unatoa mvuke zaidi. Sitaki kuwa mtu wa kuthibitisha. Nimemlipa nauli yake akaondoka amenuna.

Badala yake nimefungua bamba la geji ya mafuta juu ya tangi, bolti sita. Tundu ni dogo kwa mkono wangu. Mkono wa kijana wetu unapita.

Tumenyonya lita 80. Chini kabisa yalibaki machicha: lita nne au tano za maji yenye kutu, na juu yake tabaka la ule mlenda mweusi. Huo ni uhai. Kuna ukungu na bakteria wanaoishi pale maji yanapokutana na dizeli. Wanakula dizeli na kukaa kwenye maji. Bila maji hawana pa kuishi. Maji ya mvua za mwezi wa nne, yaliyoingia kwenye ule ule mfuniko mbovu, yalikaa humo miezi mitatu. Bomba la kuvuta lilikuwa karibu kugusa sakafu, na mwishoni lina kichujio cha wavu laini kiasi cha kuziba kwa kijiko kimoja cha uchafu ule. Kichujio mahali usipoweza kukifikia ni mtego. Nimekitoa, filta ya kwanza itafanya kazi hiyo.

Alhamisi, 10 Julai

Tangi limekwanguliwa, limefutwa kwa matambara yaliyofungwa kwenye mti, limesuuzwa kwa dizeli kidogo mara mbili. Bomba la kuvuta nimelikata kwa msumeno wa mkono, limekatwa mshazari, na sasa linaishia sentimita mbili na nusu juu ya sakafu. Hizo lita chache za chini hatutazipata, na ndilo lengo: maji na taka zikae hapo hadi nizitoe kwa plagi.

Dizeli iliyonyonywa imetulia kwenye madumu siku mbili. Nimeimimina polepole kupitia kitambaa kizito, lita 60 zimerudi. Lita 20 za mwisho zilinitia wasiwasi nikaziacha. Shemeji amezipaka nguzo za zizi dhidi ya mchwa. Hiyo ni kama 60,000 kwa bei ya mwezi huu. Filta mbili mpya, 43,000. Gasketi mpya chini ya bamba la geji, 5,000.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi imewaka, ikaenda dakika tatu, ikazimika. Nikatoa upepo, ikawaka, dakika tano, ikazimika. Safari hii mpira wa kuonea ulikuwa umejaa mapovu, yanakimbia kama ushanga.

Upepo huo niliuingiza mimi. Nilipoirudisha koki ya tangi nilizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye meno. Tepu ile inaachia nyuzi, nyuzi zinaingia ndani, na moja nimeikuta imelala kwenye valvu ya koki, haifungi wala haifunguki vizuri. Tena nilikaza kupita kiasi ile bolti yenye tundu katikati kwenye filta, meno yakaanza kuchoka. Lakini mapovu hayakutoka hapo pia.

Kumtafuta mwizi wa upepo upande wa kuvuta ni kazi ya kupofusha, kwa sababu hadondoshi kitu. Ufumbuzi ni kumgeuza asukume. Nikafunga koki ya tangi, nikachomoa mpira kwenye pampu ndogo, nikaunga pampu ya baiskeli hapo, nikabana upepo kidogo sana, misukumo mitatu minne. Kisha nikapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Kiungio cha tatu, pale mpira wa zamani unapoingia kwenye filta, kilifumuka povu. Nilipotoa klempu nikaona ufa unaozunguka mpira wote, umejificha chini ya klempu yenyewe. Kwa macho huuoni. Mpira ulikuwa mgumu, na nilipouvuta na kuurudisha mara nne ndani ya mwezi ukapasuka.

Mpira mpya wa dizeli mita nne, 36,000. Klempu nane, 12,000, mbili mbili pale penye nafasi. Mpira wa kuonea nimeutoa. Tepu nimetupa, kwenye meno natumia gundi ya mafundi inayovumilia mafuta, kidogo tu, na meno mawili ya mwanzo nayaacha makavu.

Tahadhari ambayo sikuiandika mwanzo: wakati wa kulegeza nati za nozeli kutoa upepo wa mwisho, usipime kwa kidole. Dizeli inayotoka pale ina nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo kama la sindano hadi mkono unapovimba. Weka kipande cha kadibodi.

Jumamosi, 19 Julai

Safari sita, mbili kati yake kwenye mwera mkali, tangi likiwa limejaa, nusu na robo. Haijakohoa.

Hesabu yote: 493,000, bila kuhesabu safari tulizokosa. Kati ya hizo 286,000 zilikwenda Mbeya kwa pampu ambayo haikuumwa, na filta za kwanza 43,000 zilibadilishwa zikiwa bado nzuri. Kazi iliyotibu kweli ni 164,000, nayo ukitoa lita 20 zilizokwenda kwa mchwa inabaki 104,000. Shemeji ameiona hesabu. Hakusema kitu, alikunja karatasi akaiweka mfukoni, na kwa jinsi ninavyomjua ataitoa siku ya harusi ya mtu.

Yule mzee wa Mwanjelwa nimempigia kumweleza. Akasema, "Nilikuuliza." Nikasema, "Ndiyo Mzee, uliniuliza." Ndaga fijo, yaani asante sana, nikamwambia, ingawa yeye si Mnyakyusa.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefungua plagi ya chini ya tangi: vijiko viwili vya maji, hakuna mlenda. Nadhani ni umande wa ndani ya tangi, usiku wa mwezi huu ni baridi. Nitaendelea kufungua kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na jioni tunajaza ili hewa yenye unyevu isipate nafasi juu.

Wavu wa bomba la hewa uko salama, ila nyigu amejenga sentimita tano pembeni yake, kwenye ubao. Nimemwacha. Mjomba bado anakwenda na kijiti chake kila tukisimama, nami sijamzuia. Nimemwomba tu, kabla hajafungua mfuniko, alegeze nusu zungusho na kusikiliza kwanza.